Mbuzi wa Ntheo na Ukurasa Wangu wa Botswana

Mwalimu wenu ameniomba niwaandikie, nyinyi vijana mnaosomea utalii hapa Kitengela, mambo niliyojifunza kazini. Nimekaa na kalamu siku tatu sasa. Shida ni kwamba kazi hii inanichanganya zaidi leo kuliko siku niliyoianza, na siku niliyoianza sikujua hata Zambia iko upande gani.

Kazi yenyewe ilikuwa kuandika kurasa za nchi. Ofisi yetu ya safari ilikuwa ndogo, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, vumbi la saruji likipanda ngazi pamoja na wateja. Kila aliyenunua safari alipewa ukurasa mmoja wa nchi anayoenda. Juu kabisa lugha, halafu uchumi, halafu utalii, na chini mstari mmoja au miwili wa desturi. Mimi ndiye niliyeziandika zote, na sikuwahi kuvuka mpaka wowote isipokuwa wa Namanga, ambako nilienda kununua mchele.

Ukurasa nilioupenda kuliko yote ni wa Botswana. Bado naukumbuka. Lugha: Kiingereza ofisini, Kitswana nyumbani, na lugha nyingine za makabila madogo. Uchumi: almasi kwanza, kisha ng'ombe wa nyama, kisha watalii. Utalii: mto Okavango, ambao badala ya kutafuta bahari unamwagika jangwani na kuishia hapo hapo, tembo wa Chobe, wageni wachache wanaolipa vizuri ili pori lisijae magari. Desturi: Watu wapole. Salimia kwanza.

Huo mstari wa "watu wapole" niliuandika karibu kwa kila nchi. Sikuwa na neno lingine, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika kwamba amekutana na watu wakali.

Walilalamika kwa mengine. Kuna bibi na bwana harusi wa Embulbul waliokwenda Botswana fungate, na mimi, kwa haraka, nilikuwa nimenakili ukurasa wa Msumbiji na kubadilisha jina tu. Nikasahau kufuta mstari unaosema fukwe ni ndefu na nguo za kuogelea zisiachwe nyumbani. Siku ya pili simu ikalia, bwana harusi akiwa Maun, katikati ya nchi isiyo na bahari hata tone. Aliniuliza kwa upole mkubwa, "Mama, sasa hii bahari iko wapi? Tumeuliza watu na wanacheka tu." Nilimwambia nitamrudia. Sikumrudia.

Aliyenifundisha kuandika vizuri zaidi alikuwa dereva wetu, Leshan, Mmaasai wa Kajiado aliyebeba wageni hadi Amboseli kwa miaka mingi kuliko nilivyokaa ofisini. Alisoma ukurasa wangu wa kwanza, akaurudisha mezani. "Mama Wambui, mgeni hapotei porini," akasema. "Anapotea kwa choo, na kwa salamu. Andika hizo." Ni yeye pia aliyenifundisha kwamba ukitaka kujua baridi ya mahali, usimuulize meneja wa hoteli, kwa sababu meneja atakuambia hali ni nzuri. Omba uzungumze na askari wa geti. Hilo lichukueni, halijawahi kuniangusha.

Najua siku hizi mnauliza simu zenu na zinajibu mara moja. Mjukuu wangu aliijaribu mbele yangu. Iliandika ukurasa mzima wa Botswana kabla sijavaa miwani, na ikasema ni watu wapole. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilimkumbuka Mzee Mutiso.

Mzee Mutiso alikuwa amestaafu kutoka kiwanda cha saruji na kujenga Noonkopir, nyumba ya mawe na boma la mbuzi nyuma. Ni Mkamba wa Machakos, mtu wa kanisa, mtu wa maneno machache. Siku moja alipanda ngazi zetu akiwa ameshika ukurasa wangu wa Botswana, umekunjwa mara nne na kuchakaa kwenye mikunjo. Binti yake Ndinda alikuwa muuguzi huko Botswana, na ukurasa huo tulimpa alipokuwa anasafiri. Sasa alikuwa amepata mchumba, kijana anayeitwa Kabelo, na wazee wa Kabelo walikuwa wanakuja kuona watu wa msichana.

"Wewe ndio unajua hawa watu," Mzee Mutiso akaniambia. "Nimesoma hii karatasi yako. Ng'ombe iko, almasi iko. Lakini haijasema kama wanajua ntheo."

Mimi ni mtu wa Murang'a. Kwetu mbuzi za posa mtu anaanza kuzihesabu kwa makumi, na hata hizo huishia kuwa maneno tu. Ntheo nilikuwa nimeisikia, sikuwa nimeielewa. Akanieleza. Watu wa mwanamume wanaleta mbuzi watatu nyumbani kwa msichana. Wengine wataletwa baadaye, au wasiletwe, lakini hao watatu ndio wanaofanya binti awe mke wa mtu. Bila hao, hata afunge ndoa kanisani mara mbili, kwa ukoo wake bado ni msichana aliyeondoka nyumbani.

"Akikufa huko," alisema, "mimi kama baba sitajua nimezikiwa mtoto na nani." Alisema hivyo akiangalia dirisha. Mkewe alikuwa amefariki miaka michache nyuma na Ndinda ndiye mtoto wake pekee. Nikamwambia asijali, ntheo itafanyika, mimi mwenyewe nitahakikisha. Sijui nilitoa wapi ujasiri huo. Nadhani ni kwa sababu alikuwa ameushika ukurasa wangu kwa heshima sana.

Wageni walikuja wiki iliyofuata. Kiongozi wao alikuwa mjomba wa Kabelo, kaka wa mama yake, kwa maana kwao mjomba ndiye msemaji wa mambo ya ndoa. Tulimwita Rra Oteng, yaani Bwana Oteng. Alishuka kwenye gari la Leshan amevaa koti zito la suti kwenye lile jua letu, na hakulivua, kwa sababu mtu haendi kuongea habari za mke bila koti. Aliandamana na shangazi wa Kabelo aliyejifunga shali mabegani. Walinisalimia mmoja mmoja, "Dumela, mma," wakauliza nimeamkaje, watoto wameamkaje, mifugo imeamkaje. Nikajisifu moyoni kwamba walau mstari wa "salimia kwanza" ulikuwa wa kweli.

Tukaketi ofisini, nikawaeleza kwa Kiingereza juu ya mbuzi watatu. Rra Oteng akaweka kikombe chini.

"Si watatu," akasema. "Wanne, au wawili, au sita."

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu. Kwa ukoo wao, wanyama wa ndoa hawaletwi kwa idadi inayomwacha mmoja peke yake bila mwenzake. Ndoa ni ya wawili. Ukileta watatu, umewaambia maharusi kwamba mmoja wao atabaki peke yake. Mama yake Kabelo aliachwa na mumewe, na katika familia yao kuna wanaosema mpaka leo kwamba bogadi yake, yaani mahari, ilipungua ng'ombe mmoja njiani.

Sasa nyinyi mngefanya nini? Watu wenye akili wangewaweka wazee wawili chumba kimoja na chai. Mimi nilifanya kile nilichojua kufanya. Niliandika ukurasa.

Niliandika kurasa mbili. Mmoja wa Rra Oteng, kuhusu Wakamba wa Kitengela: lugha Kikamba, Kiswahili na Kiingereza kidogo, uchumi ajira za viwandani, biashara na mifugo michache, desturi mbuzi watatu, na kwa nini. Mwingine wa Mzee Mutiso, ambao ulikuwa ule wa Botswana nikiongeza aya ndefu kuhusu idadi ya wanyama na uchungu wa mama yake Kabelo. Nilipiga mhuri wa ofisi kwa zote mbili. Nikampa kila mmoja wake kwa siri, na nikamwambia kila mmoja maneno yale yale: usiutaje kwa wenzako, utawaaibisha, soma tu uwaelewe. Naona aibu kuandika hivi lakini nilikuwa na furaha siku hiyo. Niliona kazi yangu imefika kilele.

Siku ya soko tukaenda Kajiado kutafuta mbuzi. Hapo sikuhitajika kabisa. Rra Oteng alikuwa na ng'ombe wake huko kwao, kwenye kambi ya malisho mbali na kijiji, na alipoingia kati ya mifugo alibadilika uso. Leshan alimpeleka kwa mzee mmoja Mmaasai aliyeshika fimbo, wakasalimiana, "Sopa," "Epa," Rra Oteng akajibu "Dumela," na baada ya hapo sikusikia lugha yoyote ninayoijua. Walikuwa wanafungua midomo ya mbuzi na kuangalia meno. Walibishana kwa vidole. Mara moja yule mzee alimpiga Rra Oteng begani, na nikadhani ni ugomvi, kumbe walikuwa wameafikiana.

Alinunua watatu, beberu mmoja na majike wawili. Nilipoona hivyo nilitaka kumkumbatia. Ukurasa wangu ulikuwa umefanya kazi, amekubali. Nikampigia Mzee Mutiso simu pale pale.

"Mzee, mambo iko sawa," nikamwambia.

"Hata huku iko sawa kabisa," akasema. "Nimeongea na wazee. Walisumbua, lakini wamekubali."

Sikumuuliza wamekubali nini. Nilidhani wamekubali kupokea wageni.

Jumamosi, saa nne asubuhi, tulifika Noonkopir. Wazee wa ukoo wa Mutiso walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki kivulini, ndugu yake mkubwa Nzioka akiwa mbele. Ndinda, aliyekuwa amerudi nyumbani kwa ajili ya siku hiyo, alikuwa ndani ya nyumba na wanawake, kama inavyotakiwa. Leshan akafungua gari, mbuzi wakashuka, Rra Oteng akawaongoza kwa kamba hadi katikati ya uwanja. Nikangoja kuona nyuso zikifurahi.

Nzioka akainuka. Akahesabu kwa kidole, akaangalia ndani ya gari, akahesabu tena.

"Hii ni nini?" akasema. "Mutiso, si umetukalisha hapa usiku tatu ukituambia tukubali nne? Tumekubali nne kwa uchungu. Mimi mwenyewe nimeambia watu huko Machakos ni nne. Sasa wanaleta tatu? Wanatucheza?"

Nilisikia maneno hayo na sikuyaelewa, ingawa kila neno nililijua. Walikuwa wameletewa kile hasa walichokitaka tangu mwanzo, na walikuwa wamekasirika. Rra Oteng akageuka kwangu. "Mma Wambui, wanasema nini?" Nikamtafsiria. Uso wake ukakunjamana. Shangazi akashika mdomo kwa shali.

"Nilijua," akasema Rra Oteng. "Nilijua watatu ni vibaya hata kwao. Nimekwenda kinyume na ukoo wangu kwa sababu ya karatasi hii." Akatoa ukurasa wangu kutoka mfuko wa koti. Mzee Mutiso alipouona mhuri, akaingiza mkono kwenye shati na kutoa wa kwake. Wakasimama wakiangaliana, kila mmoja ameshika karatasi yangu. Kila mmoja alikuwa ameinama kumpisha mwenzake, na walikuwa wamepishana kabisa.

Halafu wote wakaniangalia mimi.

Nzioka akasema, "Mama, wewe ndio mwenye hii kazi. Tuambie. Inafaa iwe ngapi?"

Kwa miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali nikakosa sentensi. Nilitafuta sentensi. Niliona pazia la dirisha likisogea na uso wa Ndinda nyuma yake, na sijawahi kuona mtu mzima akiogopa namna ile. Kama wazee wangesimama na kuondoka, na Nzioka alikuwa tayari amesimama, basi ingekuwa imeisha, na ingekuwa imeisha kwa mkono wangu na mhuri wangu.

"Sijui," nikasema. "Samahani, wazee wangu. Mimi sijui kitu."

Nikasema hivyo kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, na nikawaomba karatasi zote mbili. Nilizichanachana pale pale na kuvitia vipande kwenye mkoba. Haikusaidia chochote. Watu waliendelea kusimama. Mbuzi mmoja akaanza kula majani ya ua wa Mzee Mutiso.

Mzee Mutiso ndiye aliyesogea. Akazunguka nyuma ya nyumba. Tulisikia mlango wa boma ukilia. Akarudi anavuta mbuzi wake mwenyewe, jike la kahawia lenye bega jeupe, akaenda moja kwa moja kwa Rra Oteng na kumpa kamba.

"Hii ni ya kwako," akasema kwa Kiingereza chake cha kiwandani. "Hesabu vile unataka."

Rra Oteng aliipokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, jinsi wanavyopokea kitu cha heshima. Kisha akamwongoza yule mbuzi na kumfunga pamoja na wale watatu.

Sasa wakawa wanne uwanjani. Au watatu walioletwa na mmoja wa nyumbani. Au watatu wa Mutiso na mmoja wa wageni. Nilijaribu kuhesabu kwa njia zote na kila njia ilinipa jibu lake. Nzioka pia nilimwona midomo ikicheza. Mwishowe akaketi.

"Beberu achinjwe basi," akasema. "Jua linapanda."

Ndipo vigelegele vikatoka ndani ya nyumba, na mimi nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia, kwa aibu zaidi kuliko kwa furaha.

Jioni Rra Oteng alieleza kwamba mbuzi wake hawezi kusafiri naye. Kwao wanauza nyama ng'ambo na wanaogopa magonjwa ya mifugo kuliko wanavyoogopa wezi. Mpakani hata kipande cha nyama hakipiti. Hilo, la uchumi, lilikuwa la kweli na halikuwa kwenye ukurasa wangu. Kwa hiyo yule wa kahawia akabaki Noonkopir, lakini akiwa mali ya watu wa Botswana. Mzee Mutiso akamfunga utepe mwekundu shingoni ili mtu asikosee.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Niliandika kurasa nyingine chache kabla ya kuondoka, na kwenye sehemu ya desturi mkono wangu ulikuwa mzito. Msiniulize kama niliziandika vizuri zaidi, sijui. Zilikuwa fupi zaidi.

Halafu ukame ukaja, huu mnaoujua. Mmewaona ng'ombe wamelala kando ya barabara ya Namanga hawainuki. Siku moja Mzee Mutiso akaja nyumbani kwangu kwa miguu, akakaa, akakataa chai.

"Ile mbuzi imekufa," akasema.

Sikuhitaji kuuliza ni ipi.

"Sasa kwa hesabu yao imebaki tatu," akaendelea. "Ama mimi ndio nimebaki na hasara yao? Nikinunua ingine, ni yao ama ni yangu? Na Ndinda ni mjamzito, Mama Wambui. Sitaki wafikirie kitu mbaya. Niandikie barua. Wewe ndio unajua vile wataichukua."

Na mimi, baada ya yote yale, nilihisi sentensi zikipanda kooni. Nilikuwa na aya nzima tayari, juu ya idadi na mama yake Kabelo na wazo la mbuzi wa fidia. Nilishika hata kalamu. Kisha nikaiweka chini.

"Uko na namba ya Rra Oteng?" nikamuuliza.

"Ndinda alinitumia. Sijawahi piga. Nitamwambia nini? Kizungu yangu ni ya kiwanda."

"Piga."

Alipiga. Nilisikia simu ikiita, halafu sauti nene ikisema "Dumela, rra," na Mzee Mutiso akainuka na kutoka nje, akasimama kwenye ua, akinigeuzia mgongo. Alikaa huko muda mrefu. Nilimwona akionyesha kwa mkono mbuga kavu, kana kwamba mwenzake anaweza kuiona. Nilimwona akivua kofia. Mara akacheka, na mimi niliyewahi kuandika juu ya watu hawa kurasa zote zile sikuweza hata kukisia kilichomchekesha.

Aliporudi alikuwa ameshika kofia mkononi.

"Amesema nini?" nikauliza. "Juu ya mbuzi?"

Akanitazama kama mtu aliyeamshwa. "Mbuzi? Nimemwambia. Amesema pole." Akaketi, sasa akachukua chai. "Ameniuliza kama huku imenyesha. Nimemwambia bado. Amesema hata kwao bado."

Nikangoja aendelee. Alikunywa chai yake akiangalia nje, na hakukuwa na kitu cha kutafsiri.